Nyota Zilizo Gizani

Msomaji, tazama juu usiku usio na mwezi. Ule ukanda mweupe wa nyota unaokata anga haukujaa sawasawa. Pana mahali palipo na weusi, kana kwamba nyota zimechotwa pakabaki utupu. William Herschel, mjuzi wa nyota aliyeishi Uingereza, alipaona pahali pa namna hiyo kwa darubini yake, na mwaka 1785 akaandika kuwa ni tundu katika mbingu.

Si tundu. Ni wingu la gesi na vumbi, baridi mno, na ndani yake ndimo nyota huzaliwa. Wingu hujikunja kwa uzito wake lenyewe, kiini chake hushikana na kupata moto, hata hidrojeni ianze kugeuka heliamu na nyota ing'ae kwa nguvu zake. Lakini vumbi lile lile lililomlea mtoto huyu huzuia nuru yake isitufikie.

Ajabu ni kwamba ufunguo wa chumba hicho aliuokota Herschel mwenyewe. Mwaka 1800 alipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu, akapima joto la rangi moja moja. Alipokisogeza kipimajoto nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana nuru yoyote, kikapanda zaidi. Hiyo ndiyo miali ya infraredi, ambayo ngozi huihisi tukiota makaa yaliyofunikwa na jivu. Hupenya vumbi kuliko nuru ya macho. Na vumbi lenyewe, likipashwa moto na nyota changa, huitoa.

Hewa yetu huzuia sehemu kubwa ya miali hiyo, na darubini yenye joto hujipofusha kwa miali yake yenyewe. Kwa hiyo Marekani, Uholanzi na Uingereza zilirusha satelaiti ya IRAS Januari 1983, darubini yake ikipozwa kwa heliamu hata karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Ilipiga sensa ya asilimia 96 ya anga. Nalipenda neno sensa hapa: achaguaye pa kutazama huona alichokitarajia, bali sensa hubisha hodi kila mlango. Heliamu ilikwisha Novemba mwaka ule ule, kazi ikakoma. Lakini katika wingu jeusi liitwalo Barnard 5 ilikuwa imekwisha kuta nyota changa, za mfano wa jua letu, zingali zimefunikwa vumbini.

Wingu hilo liko kaskazini kidogo ya Kilimia. Ukilitafuta kwa macho utaona weusi tu.