Siste Ameacha Uhasibu Asome Nyoka, na Mimi Namuunga Mkono

Tuseme ukweli wasee: hii nchi inakupa nafasi ya kuchagua njia mara moja tu. Unajaza kozi ukiwa na miaka 17 au 18, hujawahi hata kulipa bili ya stima, halafu hiyo fomu ndiyo inaamua utakuwa nani mpaka uzeeni. Ukibadilisha baadaye, unaitwa mtu aliyepotea.

Siste yangu mkubwa ana miaka 33. Amefanya uhasibu miaka tisa, rent inalipwa kwa wakati. Mwaka huu ameacha kazi akaanza digrii ya zoolojia, na anataka kubobea kwa reptilia: nyoka, vinyonga, kobe, mijusi. Matha aliuliza swali moja tu, "Nyoka? Si huyo ni wa kuuliwa na jembe?" Kisha akanigeukia mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili, kama vile huo ugonjwa ameupata kwangu.

Lakini hebu tuangalie hiyo kazi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuumwa na nyoka kunaua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka. Wengi ni wakulima na wachungaji, watu walio mbali na hospitali. Na sumu si moja. Ya koboko inashika neva mpaka kupumua kunashindikana. Ya bafe, yule mnene anayelala tu njiani, inaozesha nyama. Dawa hutengenezwa kwa kutumia sumu yenyewe, kwa hivyo lazima kuwe na mtu anayejua huyu ni nyoka gani, anaishi wapi na sumu yake inafanya nini. Jembe haliwezi kukuambia hayo.

Na usidhani kila kitu kimeshagunduliwa. James Ashe, aliyeanzisha Bio-Ken kule Watamu pamoja na mkewe Sanda mwaka 1980, alikuwa akisema tangu miaka ya sitini kwamba yule swila mkubwa wa rangi ya kahawia si sawa na wenzake. Wanasayansi walikuja kumpa huyo nyoka jina lake rasmi, Naja ashei, mwaka 2007, Ashe akiwa ameshafariki. Fikiria hiyo. Kobra anayetema sumu, anayepita mita mbili, yuko hapa kwetu, na wengi wetu tulizaliwa kabla hajapata jina.

Kubadilisha njia pia si kitu kipya. Mwaka 1960 kule Olduvai, Jonathan Leakey alipata taya ambalo baadaye lilisaidia kutambulisha Homo habilis. Angeweza kukaa kwa visukuku maisha yake yote. Aliviacha akaenda Baringo kufuga nyoka na kukamua sumu. Najua, jina Leakey linafungua milango ambayo lako na langu hayawezi. Ndiyo maana nataka kuongea kuhusu pesa.

Siste hakuamka siku moja akaacha kazi. Aliweka akiba miaka mitatu. Alihama nyumba akaenda ya bei ya chini. Wikendi bado anawafanyia watu wa maduka hesabu zao. Na kile kitu watu wanasema amekitupa, anakitumia kila siku: zoolojia imejaa takwimu. Unahesabu vinyonga usiku kwa tochi, unapima, unaandika, unarudia wiki ijayo. Darasani wenzake wa miaka 19 wanalia na data, yeye anacheka. Miaka tisa haijapotea, imehama tu.

Na wewe mwenye simu unayetaka kushika nyoka ndio upate viewers, tulia. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali, na nyoka hajui wewe ni kontenti krieta. Kupenda kitu na kukisomea ni mambo mawili.

Kwa hivyo ukija inbox kuniuliza kama ukiwa na miaka 28 au 35 umechelewa, nitakuuliza maswali matatu. Ada itatoka wapi? Nani anakutegemea, na umeongea naye? Uko tayari kuanza darasa moja na watoto wanaokuita auntie? Kama una majibu, anza. Hiyo miaka minne itapita tu, usome au usisome.