Lamu, Mji wa Mafundi Seremala

Msafiri apandaye mashua Mokowe huuona mji wa Lamu polepole: kwanza minazi, kisha nyumba za mawe zilizojipanga ufuoni. Ashukapo gatini hasikii ngurumo za malori, kwa maana vichochoro ni vyembamba mno na mizigo huchukuliwa na punda. Sauti imkaribishayo ni ya nyundo na patasi.

Mji huu wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2001, na milango yake ya nakshi ni sehemu kubwa ya sifa zake. Katika livu yangu nilikaa na mafundi wake siku kadhaa, nikitaka kujua ni kazi ipi iletayo fedha zaidi: kuchonga kitu kipya kwa agizo la mteja, au kukifufua kiti, kasha au kitanda cha zamani.

Wengi hudhani jibu ni jepesi, kwa kuwa bei ya mlango mpya ni kubwa. Lakini natufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme mlango wauzwa shilingi 90,000. Mbao za mbambakofi zikila 45,000 na ujira wa wasaidizi 15,000, fundi hubakiwa na 30,000. Ikiwa kazi ilichukua siku 30, amepata shilingi 1,000 kwa siku. Mwenzake anunua kiti kibovu kwa 4,000, atumia 1,400 kwa gundi, msasa, vanishi na kamba, kisha akiuza 9,000. Faida ni 3,600 kwa siku tatu, yaani 1,200 kwa siku. Lakini akihesabu na siku moja ya kukitafuta, hushuka hadi 900.

Basi tofauti si kubwa kama idhaniwavyo. Iliyo kubwa ni tofauti ya mtaji. Wa mlango huhitaji fedha nyingi kabla ya kuanza, na mteja akighairi, mbao humlalia. Ndiyo maana fundi mwenye busara hadai maneno matupu, hudai arubuni. Wa kiti huanza na kidogo, ila lazima ajue kuchagua: mbao iliyobunguliwa na wadudu hadi ndani haifufuki, hata ikipakwa vanishi mara kumi.

Tena vitu vya kale vina sheria yake. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yaulinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1946, hata miimo yake. Hautolewi nje ya Kenya bila kibali. Na auzaye kiti kipya kwa jina la cha zamani hupata faida mara moja, kisha hupoteza wateja wote. “Mwanangu,” aliniambia mzee mmoja, “mbao husema umri wake, fundi asiisemee uongo.”

Wasomaji wa bara, msitupe upesi meza ya babu iliyolegea miguu. Na kijana mwenye randa, msumeno na patasi tu, heri aanze na matengenezo, aweke akiba ya mbao, ndipo apokee maagizo makubwa. Kila siku ya kazi naiandikwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.