Picha ya Ng'ambo

Tarehe 20 Oktoba 2019 Sikukuu ya Mashujaa iliadhimishwa Mama Ngina, kisiwani, nasi wa Likoni tukaitazama kutoka ufukoni, mkondo wa bahari ukiwa baina yetu. Vijana waliinua simu. Simu nyingi hazisogezi kitu karibu. Hukata kipande cha picha na kukitanua, ndiyo maana umati ukatoka kama ukungu. (Wako waliowasha taa ya simu mchana kweupe, ilhali mwanga wake haupiti hatua chache!)

Bibi yetu, ambaye miguu haimruhusu tena kupanda feri, aliuliza mjukuu wake ni yupi miongoni mwa waimbaji. Tukamwambia kweli, hatumtambui. Akaishika simu kitambo, akagusa kitone kimoja cheupe.

"Huyu. Namjua kwa simama yake."