Kabla ya kununua chombo, jiulize utarudi na nini

Ukonga hakuna bahari. Sisi wa huku samaki tunakutana naye jioni, keshakaangwa, kwenye meza za akina mama pale kituo cha Mombasa. Kinachopita juu ya vichwa vyetu ni ndege zinazotua uwanja wa Julius Nyerere. Ndiyo maana majirani walicheka waliposikia kwamba baba watoto anataka kununua chombo cha kuvulia.

Mimi sikucheka. Mume wangu ni mvuvi wa mshipi kwa zaidi ya miaka 10. Jumamosi asiyokuwa na zamu kazini huondoka saa kumi alfajiri, akapanda daladala ya kwanza ya kwenda mjini, akalipia nafasi kwenye boti ya watu. Changu na tasi anaowaleta wametuokolea mboga mara nyingi.

Mwaka huu upatu ukatuangukia. Akaja na simu mkononi kunionyesha kayaki: chombo chembamba cha plastiki ngumu, cha mtu mmoja, chenye kiti, matundu ya kuchomeka fimbo za kuvulia, kioo cha kuonyesha kina cha maji na samaki, na mota ndogo ya umeme. Kinaagizwa nje.

"Hiki naendesha mwenyewe," akasema. "Simngoji nahodha wa mtu."

Nilimuuliza swali moja: na mota ikizima? Akasema kina kafi. Tukakubaliana kwamba fedha ya upatu ni ya nyumba nzima, kwa hiyo nyumba nzima itakwenda kuangalia bahari kabla haijatoka hata shilingi moja. Tulikwenda Jumamosi mbili, sisi wawili na watoto watatu.

Jumamosi ya kwanza tulishuka Kivukoni kabla jua halijapanda, tukaingia Feri, soko la samaki la Magogoni. Mzazi ambaye hajawahi kumpeleka mtoto pale asubuhi amkumbushe kuvaa viatu vya kuoshwa. Mnada unapigwa kwa sauti kuliko mpira, ndoo zinapita vichwani, na ukitazama majini unaona vyombo vya kila namna: mitumbwi, ngalawa zenye mirengu miwili pembeni, mashua za mbao na boti za faiba. Wa kwangu wa mwisho aliuliza kwa nini ngalawa ina "mikono". Mvuvi mmoja akamjibu: "Ili isilale."

Baba watoto alitafuta fundi wa mashine. Tukampata kijana ameketi juu ya ndoo, mashine ya boti imefunguliwa mbele yake kama kuku wa sikukuu. Alitufundisha mengi ambayo simu haikusema.

Kwanza, mashine za petroli ziko za aina mbili. Ile ya zamani, ambayo petroli huchanganywa na oili, ni nyepesi na haina mambo mengi. Karibu kila fundi wa pwani anaijua, ila inakunywa mafuta na kelele zake ni nyingi. Ile ya kisasa, ambayo oili hukaa mahali pake, inakunywa kidogo na kelele zake ni ndogo, lakini ni nzito na ikiharibika inataka fundi aliyesomea. Pili, mguu wa mashine lazima ulingane na kimo cha nyuma ya chombo. Mfupi kwenye chombo kirefu, pangaboi linazunguka kwenye povu. Mrefu kwenye chombo kifupi, unakwangua mwamba. Tatu, mashine ya HP 15 ina uzito wa karibu kilo 40, na usiku haiachwi ufukweni. Unaibeba begani hadi pa kulala.

"Na mota ya umeme?" mume wangu akauliza.

Fundi akafuta mikono. "Kaka, sijawahi kufungua hata moja. Ikifa, utaniletea mimi kujifunzia."

Tulikula chapati na supu ya samaki, tukarudi Ukonga. Jioni mwanangu wa kidato cha pili akachukua daftari. Mota ya namna ile, ikiendeshwa kwa nguvu zote, inavuta karibu ampea 50. Betri ya Ah 100, kama zile za sola, itaipa saa 2 basi. Kayaki ya aina hiyo inakwenda kilomita 6 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Sasa, baba akitoka kwa saa 1 upepo ukiwa mgongoni, yuko kilomita 6 mbali. Akigeuka upepo ukawa usoni, kasi ikapungua nusu, anahitaji saa 2 kurudi. Jumla saa 3. Betri ina 2.

Baba yake alikaa kimya, kisha akasema mtu haendeshi kwa nguvu zote. Ni kweli, ukipunguza mwendo betri hudumu zaidi. Lakini siku unayoihitaji hasa ndiyo siku ya upepo, na siku hiyo utaendesha kwa nguvu zote. Tena betri ya kawaida ya asidi ukiikamua hadi mwisho kila mara inakufa mapema. Ya lithiamu inastahimili zaidi, na uzito wake ni kama nusu, ila bei yake ni nyingine kabisa.

Jumamosi ya pili tulikwenda Kunduchi, ambako alipanga kushushia chombo chake. Njia yenyewe ilikuwa somo. Tazara, Buguruni, Ubungo, Mwenge: kwa foleni, safari ilitumaliza kabla ya kuona maji. Kayaki za uvuvi zenye mota nyingi zinafika kilo 50 au kupita, kabla hujaweka betri. Hiyo haipandi daladala wala bajaji; ni kukodi kirikuu kwenda na kurudi kila Jumamosi, na nyumbani kwetu uani pana nafasi ya kamba za nguo tu.

Kunduchi Pwani tulipokelewa na mzee mmoja nahodha aliyekuwa akiziba nyufa za ngalawa yake. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba na kutukaribisha kwenye kivuli. Mume wangu akamweleza yote, akamwonyesha na picha. Mzee aliitazama simu kwa muda mrefu.

"Chombo kizuri," akasema. "Mashine ikizima, unarudi na nini?"

"Na kafi, mzee."

"Haya. Piga kafi nikuone."

Ilikuwa bamvua, maji ya mwezi kuandama, wakati ambapo bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Saa mbili asubuhi maji yalikuwa bado yanapwa kwa nguvu. Mzee alimvalisha jaketi la kujiokolea, akamtia kwenye mtumbwi mdogo, akamwambia aende hadi kwenye boti iliyotia nanga kisha arudi. Kijana wake akafuata nyuma kwa mtumbwi mwingine.

Kwenda alikwenda kama anateleza. Watoto wakapiga makofi. Kurudi ndiko tulikokuona. Tuliona kafi linapanda na kushuka, na mtumbwi uko palepale. Dakika zikapita. Binti yangu akanishika mkono akauliza, "Mama, mbona baba haji?" Nikamwambia anakuja. Nilikuwa naangalia lile jaketi la rangi ya chungwa na kufikiri jambo ambalo katika miaka yote hiyo ya kununua ndoana hatukuwahi kulizungumza: mume wangu hajui kuogelea. Wala mimi. Wala watoto.

Alifika baada ya karibu nusu saa, kwa umbali usiozidi viwanja viwili vya mpira. Alikaa mchangani, mikono inatetemeka, hakusema neno. Mzee naye hakumcheka. Alimpa maji ya kunywa, akaanza kutueleza taratibu.

Asubuhi, akasema, umande unavuma kutoka nchi kavu na kukutoa nje bila kazi. Maji yakiwa yanapwa yanakusaidia kwenda. Vyote viwili vinakupeleka, hakuna kinachokurudisha. Mwenye tanga anajua atangoje upepo wa bahari na maji yajae. Mwenye mashine anasahau kungoja, kwa sababu mashine inamdanganya kwamba saa zote ni sawa. Kusi likikaza, wengine wenye vyombo vikubwa kuliko hicho hubaki nyumbani. Na mtu akiwa peke yake, hata kamba ikijisokota kwenye pangaboi ni msiba.

Akaongeza la sheria. Mbudya, inayoonekana pale mbele, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na kuvua humo hakuruhusiwi. Kwa hiyo mvuvi wa kayaki anayedhani atazungukazunguka karibu na kisiwa kwa usalama, atalazimika kwenda kwingine. Leseni nayo ni lazima: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka chombo kiwe na yake na mvuvi awe na yake, na pa kuanzia ni ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Usalama wa vyombo vyenyewe unasimamiwa na TASAC.

Njiani kurudi hatukuzungumza sana. Tulipopita Ubungo mume wangu akasema, "Nilikuwa nachagua mota." Nikamwelewa. Miezi miwili alikuwa analinganisha kasi, kioo cha samaki na idadi ya matundu ya fimbo, wakati swali la kwanza lilikuwa jinsi ya kurudi.

Mzazi mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna mtu anayetamani chombo cha namna hii, usimkataze kwa kelele. Mtu anayependa bahari ukimkataza ataenda kwa siri, na hilo ni baya zaidi. Kaeni na daftari. Sisi tuliandika hivi, na karatasi iko kwenye mlango wa kabati:

Chombo kiwe kile anachoweza kukipiga kafi hadi nchi kavu mota ikiwa imekufa. Kama ni kizito mno kwa mikono yake, si chake. Nguvu ya betri au mafuta igawanywe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya balaa. Jaketi livaliwe, si kukaliwa. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji, na filimbi shingoni. Utabiri wa upepo na mawimbi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe usiku wa kuamkia safari. Asitoke peke yake. Na mtu wa nchi kavu ajue ametokea wapi, anakwenda wapi, na saa ngapi aanze kutafutwa.

Fedha ya upatu bado iko benki, isipokuwa kiasi kidogo. Hicho kimelipia mafunzo ya kuogelea kwa sisi wote watano. Mdogo ndiye anayeongoza; mimi bado nashika ukingo wa bwawa. Kayaki hajaiacha, ila sasa anatafuta ndogo na nyepesi zaidi, na amesema ataamua kusi likipita. Kwa sasa Jumamosi zake anazimalizia kwenye ngalawa ya yule mzee, ambako analipa kwa kupiga kafi.

Wiki iliyopita alirudi na kolekole mmoja na malengelenge viganjani. Kolekole tulimkaanga, nikampelekea na jirani aliyecheka. Akauliza chombo kimefika? Nikamwambia bado, mwenye chombo anajifunza kurudi.