Kaye ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa komisiyoneri wa mtaa wa Mutakura. Dar es Salaam wangemwita dalali wa nyumba. Kwetu Bujumbura tumelichukua neno la Kifaransa, na kwa Kirundi watu husema abakomisiyoneri. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na benchi nje ya duka la jirani, kivuli cha mwembe, na daftari la shule lenye jalada la bluu, ambalo sote tuliliita kaye. Aliibana kwapani kutwa nzima, hata Ijumaa alipokwenda kuswali Buyenzi.

Nilihamia kwake mwaka 2007 kusoma sekondari, na kila mchana baada ya darasa nikawa miguu yake. "Mpwa wangu, hebu fika avenue ile, uangalie kama yule mama amekwishahama." Nilikwenda, nikarudi, yeye akaandika. Siku hizo mtu aliyetafuta nyumba alipita avenue kwa avenue akisoma maandishi ya chaki mageti­ni, au aliuliza dukani, na dukani wakamwelekeza kwenye benchi la mjomba. Simu ilikuwepo, lakini salio lilikuwa ghali kwa watu kama sisi. Tulibipu tu, tukasubiri mwenye uwezo apige.

Kaye ile ilikuwa na safu tano zilizochorwa kwa rula. Ya kwanza vyumba, ya pili maji na umeme, ya tatu kodi, ya nne mwenye nyumba. Safu ya tano haikuwa na kichwa, na ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote. Humo aliandika yale ambayo mwenye nyumba hasemi na mpangaji hajui kuuliza. Shimo la choo limejaa. Ndugu wawili wanagombea parseli hii, subiri. Jirani ana mashine ya kusaga, inaanza alfajiri. Maji hutoka usiku tu, nunua mapipa.

Na kulikuwa na swali moja ambalo mjomba hakukubali kuandika nyumba yoyote ya kuuzwa kabla halijajibiwa: nani alikuwa akilala humu kabla ya Oktoba 1993? Msomaji wa Burundi hahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme kwamba Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 mwezi huo, vita vikafuata, na mitaa ya kaskazini ya jiji letu ikagawanyika kikabila. Majirani wa miaka mingi walihama usiku, wengine wakaingia. Nyumba inaweza kuwa na ukuta mpya, rangi mpya na geti jipya, na bado ikawa na mtu Kigoma au Uvira anayeota chumba chake. Serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine mwaka 2006 kwa sababu ya mizozo ya namna hiyo. Mjomba hakuwa hakimu. Alijua tu ni mzee gani wa kwenda kumuuliza, na kwamba mzee huyo hazungumzi na mtu asiyemfahamu.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa ilishuka kaskazini mwa jiji. Kamenge na Kinama ziliumia vibaya, watu zaidi ya 60 walikufa. Matope yalipokauka mjomba alichukua kaye na chuma cha kupimia cha fundi, tukazunguka Kinama siku tatu. Kila nyumba aliyowahi kuipangisha alipima alama ya maji ukutani, kisha akaandika: goti, dirisha, juu ya kitanda. Nilimuuliza kwa nini tunapima wakati nyumba zenyewe nyingine zimelala chini. Akaniambia kuta zitapakwa rangi kabla ya Pasaka.

Mwaka uliofuata ndio uliotuleta kwenye simu.

Maandamano ya kisiasa yalianza mwishoni mwa Aprili 2015, na Mutakura ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyowaka. Siku chache baadaye WhatsApp na Facebook zilizimwa kwenye simu. Risasi usiku, marundo ya matairi barabarani, na watu wakaanza kuondoka: Mahama nchini Rwanda, Nyarugusu nchini Tanzania, Lusenda nchini Kongo, na wenye uwezo zaidi Ulaya. Waliondoka kwa haraka na kila mmoja alipitia kwenye benchi. Kufikia Julai mjomba alikuwa na funguo 11 kwenye kamba moja, za nyumba ambazo wenyewe hawakujua kama watazirudia.

Kisha ujumbe ukaanza kuingia. Mama mmoja alituma maneno kutoka kambini: mjomba, niambie tu kama paa lipo. Mjomba alimjibu kwamba lipo. Mama akaomba kuona. Hapo ndipo nilipoazima simu ya rafiki yenye kamera, tukaenda tukapiga picha ya paa, ya mlango, ya mti wa parachichi uliokuwa umezaa na hakuna wa kuchuma. Jibu lake lilikuwa sauti ya kulia, sekunde chache, basi. Wiki iliyofuata mjomba, mtu aliyekuwa akiona simu kubwa ni anasa ya vijana, aliuza baiskeli yake akanunua moja iliyotumika.

Tangu siku hiyo kazi yake ilikua, na hili nataka lisomwe polepole, kwa sababu nasikia watu wakisema simu imekuja kuwafuta makomisiyoneri. Kwa mjomba simu ilirefusha mkono. Kodi zilikuwa zimeshuka, nyumba zilikuwa tupu, na nyumba tupu huibwa mabati na milango. Alitafuta wapangaji wa kodi ndogo, watu wa kulinda nyumba zaidi ya kuleta fedha. Kila mwisho wa mwezi tulizunguka na simu: picha ya mita ya kashpawa ikionyesha umeme uliobaki, video fupi ya bomba likifunguliwa, picha ya risiti yenye sahihi ya mpangaji. Fedha zilipita kwa simu kwenda kwa mwenye nyumba au kwa mtu aliyemteua. Zamani mwenye nyumba aliyehama nchi alitegemea neno la komisiyoneri tu. Sasa alikuwa na neno hilo pamoja na picha yake. Wenye nyumba waliokuwa Brussels walimpa na nyumba za shemeji zao.

Baadaye makundi ya nyumba yalijaa kwenye simu zetu. Nyumba moja ya Mutakura ungeikuta imetangazwa na watu sita kwa bei sita, na kati ya hao sita ni mmoja tu aliyewahi kufungua geti lake. Mwenzangu wa kazini alipenda nyumba kwenye picha, akatuma garanti ya miezi miwili kwa simu, akapakia vitanda kwenye kigari. Getini alikuta familia inakula chakula cha mchana. Walikuwa wanaishi hapo miaka minne. Namba aliyoitumia haikupatikana tena. Yeye na mkewe walilala kwetu majuma matatu, na watoto wakakosa shule kwa sababu karo ilikuwa ndani ya fedha ile.

Kosa la kuiamini nyumba bila kuingia ndani si letu peke yetu. Marekani kampuni ya Zillow ilijaribu kununua nyumba kwa bei inayopangwa na kompyuta, na Novemba 2021 ikatangaza kwamba inaacha baada ya hasara ya mamia ya mamilioni ya dola, na kwamba itapunguza karibu robo ya wafanyakazi wake. Walikuwa na takwimu ambazo mjomba asingeweza hata kuziwazia. Bado bei ya nyumba ina mambo ambayo hayaonekani mpaka mtu aingie ndani, anuse ukuta, amsalimie jirani.

Ila sitaki kuisema vibaya teknolojia, maana mwaka 2022 ilimwokoa mjomba. Mafuta yalikuwa yameanza kuadimika, na Machi mwaka huo pikipiki, bajaji na baiskeli zikakatazwa kuingia katikati ya jiji. Magoti yake yalikuwa yamechoka. Mteja wa Kinindo, upande wa kusini, zamani angezungushwa nyumba sita kwa siku na mwisho asichukue hata moja. Kwa simu aliziona zote sita jioni akiwa kwake, akachagua mbili, na siku ya kuja mjomba alitembea naye mara moja. Kwenye matembezi hayo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa: kumfikisha kwa kiongozi wa nyumbakumi, kuhakikisha jina lake limeingia kwenye kaye ya kaya ambayo askari huiomba wakija kukagua, kumwonyesha duka la kukopa, kumwambia kwa sauti ya chini yaliyo kwenye safu ya tano.

Mjomba amepumzika sasa, na kazi naifanya mimi. Nina kundi langu la WhatsApp na jedwali kwenye simu. Vijana wawili wa chuo walinijia mwaka jana wakitaka kutengeneza programu ya nyumba za komini yetu ya Ntahangwa, wakanionyesha ukurasa wao: vyumba, maji na umeme, kodi, mwenye nyumba, picha kumi. Kazi safi. Niliwafungulia kaye ya bluu, ukurasa wa nyumba moja ya Kinama iliyokuwa imetangazwa tena wiki hiyo ikiwa na rangi mpya ya krimu. Pembeni, kwa mwandiko wa mjomba, imeandikwa: maji yalifika dirishani, Februari 2014.

Vijana wangu, na wengine mnaotengeneza programu za namna hiyo: ongezeni safu ya tano, na chini yake liwepo jina la mtu aliyeijaza na namba yake ya simu.