Hewa Iliyokosa Pa Kutokea

Huu ni mwaka wangu wa 11 katika kiwanda hiki cha sabuni, Dar es Salaam. Wiki ya nne ya mwaka wa kwanza nusura iwe ya mwisho.

Ilikuwa masika, zamu ya usiku. Saa nane, silinda ya hewa inayosukuma katoni kwenye mashine ya kufungashia iligoma. Geji ilisoma bar 6, taa ya valvu iliwaka, pistoni haikutikisika. Msimamizi akaniambia mbele ya wenzangu: ikifika asubuhi mashine haijatembea, usirudi. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa miezi 2 na kodi ya chumba iliyopitiliza tarehe.

Woga ukanituma kubadilisha silinda nzima. Nilifunga hewa kuu, lakini nilipofungua mpira, hewa ilinipuliza usoni kwa nguvu. Ilitoka wapi, na nilishafunga? Sikujiuliza. Silinda mpya nayo ikakaa kimya. Nikabadilisha koili ya valvu, maana taa ikiwaka ni umeme umefika tu, haisemi koili ni nzima. Kimya. Nikabonyeza kitufe cha valvu kwa kidole; ndani ikalia tak, pistoni ikabaki palepale. Nikaenda nyuma ya kompresa, nikalia.

Aliyenikuta huko ni mzee mmoja wa boila. Mashine zetu hazikumhusu, ila alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, umetazama hewa inapoingilia. Inapotokea je?"

Moyo ulinipiga. Hewa ikiingia upande mmoja wa pistoni, ya upande wa pili haina budi kutoka kupitia valvu. Pistoni ya milimita 50 kwa bar 6 husukuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 120, lakini ikikabwa upande wa pili haifiki popote. Hewa iliyonipuliza usoni ilikuwa ile iliyonaswa.

Tulifunga hewa, nikalegeza taratibu sailensa ya valvu, kile kizibo kidogo cha shaba kinachopunguza kelele. Hewa ikatoka ikifoka. Matundu yake yote yalikuwa yamezibwa na utope mweusi wa oili na maji. Nikafunga nyingine, nikawaondoa watu karibu, nikafungulia hewa polepole. Pistoni ikatoka, ikarudi, ikatoka tena. Namshukuru Mungu kwa sauti ya pistoni ile hadi leo.

Mzee hakuishia hapo. Akanishika mkono hadi kwenye tenki la kompresa, akainama na kufungua bomba la chini. Hewa ya pwani hubeba unyevu mwingi, na ikishagandamizwa na kupoa, huacha maji. Yale hayakuwa yamemwagwa kwa siku nyingi. Yalitoka mekundu kama chai ya rangi, yakatoka na kutoka. Adhana ya alfajiri ilitukuta tumechuchumaa pale, tukisubiri yaishe.