Fisi kageuka bodaboda, bibi yangu kapata taabu!

Hebu vuta picha: kuku wawili wamechinjwa, wamenyonyolewa, hawana vichwa, wanangoja sufuria tu. Mara paap! Wanasimama na kuanza kucheza muziki, tena kwa mikogo. Kuku hao wamo kwenye video ya wimbo wa Sledgehammer wa Mwingereza Peter Gabriel, ya mwaka 1986. Mimi sikuwa hata nimezaliwa, lakini siku niliyoiona kwenye simu ya kaka yangu, mtoto wa mjomba, nilipagawa ile mbaya. Niliirudia mpaka simu ikazima chaji, na kaka akanuna.

Nazimia video za maajabu, sifichi. Hizi za msanii kuegemea gari la kukodi huku mademu wakikata viuno nimezichoka. Ukiona moja umeziona zote. Lakini wale kuku! Kumbe walipigwa picha moja moja: unamweka, unapiga, unamsogeza kidogo, unapiga tena. Gabriel mwenyewe alilala chini ya kioo saa 16 ili uso wake upigwe namna hiyo hiyo. Ukishajua hivyo unadhani utamu utaisha. Wapi! Mimi ndiyo kwanza nikaanza upya.

Hata majirani zetu Wakenya wanayaweza. Mwaka 2010 kundi la Just A Band lilitoa video ya Ha-He, ndani yake kuna jamaa anaitwa Makmende anayetwanga watu kama wa sinema za karate za zamani. Video haina mbele wala nyuma, lakini Kenya nzima ilichengeka, watu wakamtungia vichekesho usiku na mchana.

Kwetu Nkoma, kule Itilima mkoani Simiyu, wazee wakiona vitu hivyo wanasema ni mambo ya Wazungu. Hapo mimi na wao tunapishana. Ngoma za Wasukuma tangu enzi za Bagika na Bagalu ni nini kama siyo maajabu? Baada ya mavuno vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Basi kila manju anabuni kioja chake. Huyu kaja na chatu mzima shingoni, yule kaleta nungunungu, mwingine anachezea moto. Watu wanakimbia huku, wanakimbia kule, vumbi tupu. Leo tunahesabu watazamaji kwenye simu. Babu zetu walihesabu vichwa uwanjani. Tofauti iko wapi?

Ila kuna jambo moja la nyumbani ambalo rafiki zangu wa mjini hawalijui, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu wiki hii.

Mwaka 2014 nilikuwa darasa la sita. Kulikuwa na kibanda umiza pale karibu na gulio, kiingilio shilingi 200, jenereta linaunguruma nje kuliko hata spika ya ndani. Jioni moja wakaweka video ya nyimbo za asili, za Kisukuma. Mwimbaji anaimba kwenye shamba la pamba, mara anatokea bibi kizee amepanda fisi. Fisi anakimbia, anakimbia, anageuka bodaboda! Bibi anashuka, analipa nauli, anayeyuka hewani.

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikageuka kuangalia wenzangu... kimya! Kibanda kizima hakuna aliyecheka.

Kwa asiyejua: Usukumani inaaminika kwamba mchawi husafiri usiku juu ya mgongo wa fisi. Na mchawi mwenyewe hutambuliwa kwa macho mekundu. Sasa niambie, bibi gani wa kijijini hana macho mekundu? Miaka 60 unapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe ndani ya kijumba kisicho na dirisha, macho yatabaki meupe? Kwa ajili ya wekundu huo vikongwe wamekatwa mapanga. Kati ya 1970 na 1984 peke yake, zaidi ya watu 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, na sehemu kubwa ilikuwa Usukumani. Tena hata baada ya hapo mauaji hayakukoma.

Bibi yangu ana macho mekundu.

Siku ya pili watoto wakamfuata kisimani wakiuliza bodaboda yake ameipaki wapi. Utoto tu, unaweza kusema. Mjomba hakusema hivyo. Jioni ile ile alimhamishia bibi nyumba kubwa, akaenda kununua komeo jipya. Kwa miezi kadhaa mjomba hakulala kabla ya saa nane usiku. Bibi alikuwa anasonya tu: kuhamishwa kijumba chake kulimuudhi kuliko fisi.

Michael Jackson aliliona hilo mapema. Video yake ya Thriller ya mwaka 1983, ile ya karibu dakika 14 aliyoiongoza John Landis, inaanza na maandishi ambayo yeye mwenyewe anasema filamu hiyo haiungi mkono imani za kichawi. Wakati ule alikuwa Shahidi wa Yehova na wenzake wa dini walikuwa wamemjia juu. Watu wengi huyaruka maandishi hayo wawahi mizimu icheze. Mimi huyasoma kila mara.

Basi bwana, kaka yangu yule mwenye simu alikua, akawa mpiga video wa harusi na nyimbo za asili pale Bariadi. Mwaka juzi alikuja nyumbani na shuka la kijani, akaligongomea ukutani. Akamwambia bibi asimame mbele yake apunge mkono. Kompyuta yake inafuta kila kilicho kijani na kuweka picha unayotaka. Akamweka bibi mawinguni, juu ya mlingoti wa simu.

Kumbe kanga ya bibi ilikuwa na maua ya kijani! Tumboni matundu matupu, mawingu yanapita humo humo. Bibi alipojiona alicheka mpaka akakaa chini. "Mjukuu wangu, mmenitoboa!"

Majirani walijaa uani. Kaka akawaonyesha shuka, akalikunja, akalikunjua, akaingiza mkono wake na soksi ya kijani, mkono ukabaki bila vidole. Mama mmoja aliomba apelekwe Dar kwa dakika moja tu. Vijana wakapanga foleni. Jirani mmoja mzee aliangalia mpaka mwisho, akachukua fimbo yake, akaondoka bila kuaga. Yule sijui aliondoka na nini kichwani.

Mwezi uliopita bibi alinipigia. Anataka video nyingine, na safari hii anataka apande fisi. "Si wanasema napanda? Basi wanione nikipanda, tena mchana." Kaka yuko tayari, fisi ameshamkata kwenye filamu ya wanyama wa Serengeti. Mjomba amesema siku video hiyo itakapotengenezwa, shuka la kijani atalichoma moto na kompyuta ataitupa kisimani.

Bibi ameshanunua kanga nyekundu.